Zulfa wa Nkowe Afungua Mlango wa Ziwa

Zulfa alizaliwa Nkowe, kwenye nyumba ya wakulima wa korosho na ufuta. Mpaka anatimiza miaka arobaini na mbili, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika wakati wa masika. Samaki alimjua akiwa mkavu, kwenye tenga la sokoni.

Kilichompeleka pwani ya Lindi ni ugonjwa wa dada yake Shamimu, aliyeolewa kijiji kilicho kando ya ziwa la maji ya chumvichumvi. Mito miwili midogo humwaga maji humo, na bahari nayo huingia kwa mlango mwembamba uliokata mchanga. Zulfa alikwenda kuuguza mwezi mmoja tu. Shamimu akapona, lakini mgeni hakuharakisha kuondoka.

Shemeji yake, Masoudi, alikuwa akiwatembeza wageni ziwani kwa mtumbwi. Zulfa alimwomba amfundishe kupiga kafi, kisha kuogelea. Wanawake wa pale walimcheka wakashika mbavu.

"Mtu mzima mzima unajifunza na watoto!"

"Nilizaliwa mbali na maji," akawajibu, "sikuzaliwa mvivu."

Baada ya miaka mitatu, ya kwenda Nkowe na kurudi kila akimaliza korosho zake, alilijua ziwa kuliko wengi waliozaliwa kando yake. Alijua kaa wa kwenye mikoko wanajificha wapi na samaki aina ya mikizi wanakula upande gani. Kila asubuhi alichota maji kwa kiganja akayaonja, kama anavyoonja mchuzi.

Kiangazi cha mwaka jana mchanga ukauziba mlango. Siku zikapita, jua likazidi kuwaka. Asubuhi moja Zulfa alionja, akatema: chumvi ilikuwa kali kuliko ya bahari yenyewe. Kesho yake mikizi walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema.

Akaenda kwa Mzee Jumanne, mwenyekiti wa wavuvi.

"Shikamoo mzee. Ziwa linakufa. Tuchimbe mlango."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa bara, bahari huijui. Mlango ule hujifungua wenyewe mvua zikinyesha."

"Ni kweli, mzee, bahari siijui. Ila mfereji naujua. Na hawa samaki mvua hawataifikia."

Mzee alitikisa kichwa, akaendelea kushona wavu wake.

Zulfa akachukua jembe, akaanza peke yake. Alijua zimebaki siku nne kufika bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote. Siku ya kwanza watu walipita wakimtazama. Ya pili Masoudi akaja, na wanawake sita nyuma yake, miongoni mwao wale waliomcheka. Viganja vya Zulfa vilichubuka. Akavifunga kwa kitambaa akaendelea. Siku ya tatu alisikia jembe likipiga mchanga karibu naye. Akageuka: Mzee Jumanne, amekunja suruali mpaka magotini.

"Usinitazame," mzee akasema. "Chimba."

Siku ya nne, maji yakiwa yamekupwa, walibakiza tuta jembamba upande wa bahari, kisha wote wakapanda juu kusubiri. Alasiri bahari ikapanda. Wimbi moja likaruka tuta, la pili likalimega, la tatu likapita nalo. Maji yakaingia kwa kishindo, yakila kingo na kuupanua mfereji, na kule ndani mikizi wakageuka kwa mamia kuelekea yanakotoka. Shamimu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Zulfa alikaa chini mchangani, akalia kimya.

Samaki wengine walikuwa wamekwisha kufa, hilo halikufichika. Lakini wengi walipona, na mwezi uliofuata ndege aina ya heroe walirudi kutembea kwenye maji mafupi. Wavuvi wakamwingiza Zulfa kwenye kamati yao, mtu wa kwanza kutoka bara.

Alirudi Nkowe amechelewa. Korosho zilikwisha kuanguka. Kaka yake Imrani alimkuta anaokota.

"Ulikuwa wapi wenzio wakiokota?"

"Nilikuwa nalima."

"Pwani kuna shamba gani?"

"La samaki," akasema Zulfa, akainama kuokota nyingine.