Mkanda wa Simba Nilioufuta

Nakumbuka, mwanangu, enzi za ujana wangu nilipokuwa na kibanda cha video hapa Kasulu, nikijiona mjuaji kuliko wote sokoni. Kati ya mikanda yangu ulikuwapo mmoja wa kizamani, alioniachia mwalimu mmoja alipohamishwa. Ni familia ya Wazungu inayoishi porini na simba na tembo, basi. Hakuna ngumi wala bunduki. Vijana waliuzomea, nami nikazomea nao. Asiyekujua hakuthamini. Siku ya fainali ya mpira nilikosa mkanda mtupu, nikarekodi mechi juu yake.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja kutoka Rungwe Mpya, Mama Yustina, na watoto wake wawili waliovaa nguo za kanisani.

"Nimesikia unao ule mkanda wa wanyama," akasema. "Marehemu mume wangu alifanya kazi na waliopiga picha ile. Yumo, anamvusha mtoto wa tembo mtoni. Hawa walikuwa wachanga alipofariki. Nataka wamwone baba yao anavyotembea."

Ningeweza kusingizia mwizi, au hata panya. Nikamwambia ukweli.

Akaniuliza, "Lakini wewe uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Basi waambie. Alikuwa anatembeaje?"

Watoto wakanikazia macho. Nikatafuta kichwani, nikakuta kicheko changu tu. Tembo nilimkumbuka, mtu aliyemshika sikumkumbuka hata kofia.

Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. "Ungeuliza tu kabla ya kufuta, mwanangu," akasema, akawashika watoto mikono, wakaondoka.

Niliutafuta mkanda ule Kibondo, Kakonko, nikawaagiza hata madereva wa malori. Juzi wajukuu wangu waliusaka kwenye simu. Haupo. Majuto ni mjukuu.

Nanyi simu zikijaa, naona mnafuta picha za wazee mpate nafasi ya vichekesho. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Kabla hujafuta, mwonyeshe mwenye umri, umuulize: nani huyu? Na unapotazama, usiishie kwa simba. Mtazame na aliyesimama kando yake, maana ni baba wa mtu.

Haya, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akulinde, akupe macho yenye heshima, na nyumba yako isikose wa kuisimulia.