Kokoto za Mwalimu Severina

Mwalimu Severina alikuwa mtu wa Tosamaganga, mpole mpaka anaudhi. Tulikaa naye nyumba moja ya walimu huko Usangu kwa miaka mingi, yeye akifundisha darasa la nne, mimi la kwanza, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, hata kuku wa jirani walipomaliza mboga zetu bustanini. Mimi Sekela ni wa Iyunga, kwetu jambo likituudhi tunasema. Kwa hiyo mahali fulani humu mtaona nimekasirika. Mpaka leo sijajua ninayemkasirikia zaidi ni nani, yeye au mimi mwenyewe.

Alifika mwaka 1971. Darasani kwake mlikuwa na watoto wa Kisangu na wachache wa wafugaji waliokuwa wameanza kushuka bondeni na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mmoja wao alikuwa Ng'washi, binti wa mzee Nkuba, mrefu kuliko wenzake kwa sababu alichelewa kuanza shule. Baba yake alikuja mwenyewe kusema: mtoto akishinda mtihani wa darasa la nne ataendelea na la tano. Akishindwa, watu wamekwisha kuleta posa. Mtihani wa la nne siku zile ulikuwa mlango mwembamba, na wengi waliishia hapo.

Ng'washi alijua kusoma vizuri tu. Hesabu ndizo zilimkwamisha. Severina akiandika ubaoni kwamba mzee fulani ana ng'ombe arobaini, wamezaa sita, wamekufa tisa, wamebaki wangapi, watoto wa wafugaji waliinamisha vichwa wote kama waliosikia habari ya msiba. Aliwaona wazito. Akawabakiza darasani wiki nzima baada ya kengele ya kwenda nyumbani, mpaka Ng'washi aliposema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, baba hataki ng'ombe zihesabiwe kwa mdomo. Anasema zitakwisha."

Severina alirudi nyumbani jioni ile hakula. "Nimewaadhibu watoto kwa sababu wana adabu," aliniambia.

Siku chache baadaye aliwakuta nyuma ya darasa wakati wa mapumziko wakicheza bao. Walikuwa wamechimba mashimo kwenye udongo, safu nne, na kete zao zilikuwa kokoto za mtoni. Ng'washi alikuwa akiwafunga wavulana mmoja baada ya mwingine. Hakuhesabu. Alitazama tu shimo, akachota, na kabla kokoto ya kwanza haijadondoka alikuwa ameshajua ya mwisho itaangukia wapi na itakula ngapi. Severina alisimama pale mpaka kengele ikalia, na watoto wakatawanyika wakidhani wamekosa.

Kesho yake aliliingiza bao darasani. Sakafu ilikuwa ya udongo, mashimo yakachimbwa kati ya madawati. Mashimo manane, kokoto nne kila shimo: hiyo ni kuzidisha. Chota zote, mwaga tatu tatu mpaka zisitoshe shimo: hiyo ni kugawanya. Zilizokubakia mkononi, basi hizo ndizo baki. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, darasa zima likicheka kwenye kipindi cha hesabu, nikaona wivu, nakiri.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Kalinga, hakucheka. Ulikuwa mwaka wa kuhimiza kilimo, na kijiji kilikuwa kimepiga marufuku bao saa za kazi. Wazee wawili walikuwa wameshalimishwa shamba la kijiji kwa kosa hilo. "Baba zao tunawakataza, sisi tunawafundisha watoto?" alisema mbele yetu sote. "Nikiuona tena mchezo huo katika shule yangu, Mwalimu Severina, nitaandika wilayani."

Mwingine angeacha. Au angebisha, kama mimi. Severina hakufanya lolote kati ya hayo mawili: alifunga mlango wa darasa, akaendelea kimya kimya. Watoto nao wakajifunza kucheza bila kelele. Kila mtoto akawa na kokoto zake, na Ng'washi alizifunga za kwake kwenye kitambaa cha bluu alichopewa na Severina.

Na kwa kweli hesabu walizijua. Ilipofika Septemba Ng'washi alikuwa anafanya hesabu za madarasa ya mbele. Severina alikuwa amepanga kuwaondolea kokoto polepole, wabaki na chaki na kichwa. Alisema atafanya hivyo mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, watoto walikuwa wanapata alama nzuri mno, akasema ngoja kidogo. Mpaka mtihani unafika, hakuna aliyekuwa amewaambia watoto kwamba kokoto haziingii kwenye chumba cha mtihani. Wengine waliziacha nyumbani, basi tu. Ng'washi alikuja na kitambaa chake, kwa sababu kwake hesabu na kokoto vilikuwa kitu kimoja.

Msimamizi alitoka mbali, hatukumjua. Sisi walimu tulikaa ofisini. Karatasi ya hesabu ilikuwa haijafika nusu tulipomwona anakuja amemshika Ng'washi mkono, kitambaa cha bluu kimefunguka kwenye kiganja chake. Alizimwaga kokoto mezani.

"Nimemkuta anazipanga chini ya dawati," alisema. Hakuwa mkali. Ningependa kusema alikuwa mkali, ningepata wa kumlaumu. "Sijui ni mchezo, ni uganga au ni wizi wa mtihani. Kama yupo mwalimu anayejua hizi ni za nini, aseme sasa, mtoto arudi akamalize."

Bwana Kalinga alimgeukia Severina. Ng'washi naye alimtazama, tena kwa utulivu, kama mtoto anayejua kwamba mkubwa atasema na mambo yataisha. Severina alitazama kokoto zile. Nikaona mdomo wake unafunguka, ukafungwa. Nilijua anaiona barua ya wilayani, anamwona mama yake mgonjwa kule kwao anayemtegemea yeye peke yake. Nami nilikuwa nimekaa karibu naye, mimi wa Iyunga, mimi ninayesema. Nilijifanya napanga madaftari.

Msimamizi alingoja. Kisha akatoa kalamu akapiga mstari kwenye karatasi ya Ng'washi, kutoka pembe hadi pembe.

Baada ya wiki mbili Severina alimfuata Bwana Kalinga akamweleza yote. Kalinga akasema, "Ungesema siku ile, ningeandika barua, na mtoto angekuwa la tano." Hakuiandika hata hiyo barua. Severina alikwenda kwa mzee Nkuba kuomba mtoto arudie darasa. Akakaribishwa kiti, akapewa maziwa, akaambiwa kwa heshima zote kwamba mahari imekwisha pokelewa. Ng'washi alimletea maji ya kunawa, akapiga goti. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Severina aliacha kufundisha kwa bao. Alifundisha kwa chaki tu, vizuri, bila furaha, na mtoto yeyote akicheka kwenye kipindi cha hesabu alishtuka. Zile kokoto, pamoja na kitambaa, Bwana Kalinga alizitupa nje ya dirisha siku ya mtihani. Siku ile ile jioni nilimkuta Severina amepiga magoti kwenye majani akizitafuta, hakupata hata moja. Nilimhurumia, na nilimchukia pia, ndiyo hivyo.

Mwishoni mwa 1979 tulikuwa tunaandikisha watoto wa darasa la kwanza. Kila mtoto alitakiwa shuleni, foleni ilizunguka jengo. Mezani tulikaa Severina na mimi, Bwana Kalinga amesimama nyuma yetu na orodha. Akafika mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, mwingine wa kike wa miaka sita amemshika mkono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Severina aliinua macho, kalamu ikamdondoka.

"Huyu anaitwa Roza," Ng'washi alisema. Akafungua pindo la kanga, akatoa kitambaa cha bluu kilichopauka, akakifungua juu ya daftari la majina. Kokoto za mtoni. "Siku ile nilirudi kuziokota, mwalimu, kabla sijaenda nyumbani. Nataka umfundishe kwa hizi, kama sisi. Anazijua kidogo, nimemwanzishia."

Bwana Kalinga alikohoa. "Hizi ni za nini hapa mezani? Ni za nani?"

Severina alisimama.

"Ni zangu," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, foleni nzima ikageuka. "Kitambaa nilimpa mimi. Nilimfundisha kwa hizi, na sikumwambia aziache nyumbani. Kosa lilikuwa langu."

Ng'washi alimweka vizuri mtoto wa mgongoni, akakaza kanga.

"Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu siku ile," alisema. "Nilikuwa nangoja tu useme." Kisha akamsogeza Roza mbele ya meza ili aandikwe.