Osha Jani Kwanza

Wanangu mtakaosoma haya, mimi, Mama Ngoie, shuleni sikufika mbali. Nilichojua nilikijua kwa kuosha vyombo.

Nakumbuka siku moja, nikiwa msichana wa kazi kwenye kitalu cha miti hapa Kolwezi. Nilimsaidia Tata Mbuyi, mzee wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, jirani yetu pia. Alikuwa akitafuta kuvu zinazoishi ndani ya majani ya msonobari, yale membamba kama sindano. Jani unaliosha kwa alkoli, unalikata, unaliweka katika kisahani chenye chakula cha kuvu. Unangoja. Kinachoota kimetoka ndani, naye anakitambua kwa hadubini.

Siku hiyo sikuosha. Kuvu nyeusi ikajaa upesi, nikakimbilia kusema miti inaugua, ikatwe.

Tata Mbuyi akatazama. "Hii ni vumbi ya ku barabara, mutoto. Kusuka nywele siku nzima hauchoke, kuosha majani kidogo tu unachoka?"

Akarudia kazi mwenyewe. Baada ya wiki mbili ikaota kuvu nyeupe, polepole.

"Hii ndiyo ya ndani. Inakaa mule, na muti ni muzima."

Miti haikukatwa.

Miaka ikapita, kazi za mgodini zikaporomoka, watu wakatafuta wa kumlaumu. Mitaani walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakimaanisha Wakasai. Nami nilisema hivyo hivyo, nikiteka maji. Vijana wakaja mlangoni kwetu.

"Mama, Bakasai banakaa wapi hapa?"

"Ule mulango wa kijani."

Nilionyesha kwa kidole mlango wa Tata Mbuyi. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya tatu nilimkuta Tata Mbuyi stesheni, na mkewe, na magodoro, wamefukuzwa, wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Nilileta mikate. Mkewe hakuipokea. Tata Mbuyi alinitazama kama alivyokitazama kile kisahani.

"Leo pia haukuosha," akasema.

Sikumwona tena.

Wanangu, maneno ya mtaani ni vumbi. Msiseme kilicho ndani ya mtu kabla hamjaliondoa. Na anayeishi ndani yenu si lazima awe anawala. Mungu awape mikono isiyo na pupa.

Nyumbani kwangu nimeagiza, na wajukuu wanajua: akija mtu kuuliza nani ni wa wapi, jibuni, "Bote hapa ni ba Mama Ngoie." Kisha fungeni mlango, na kidole cha mtu kisiinuke.