Nyimbo Mbili Kabla ya Mpira

Asubuhi niliyoondoka Kiwalani sikuwa na mpango. Nilibeba begi nikawa natembea tu, kama nilivyozoea tangu nilipoacha shule darasa la sita, nikitaka kujua barabara inaishia wapi. Nikapita penye banda la wachongaji, na harufu ya vumbi la mpingo ikanisimamisha. Ni harufu kavu, tamu kidogo, inayokaa kooni. Ndiyo harufu ya baba, na ndiyo iliyonipeleka Mbagala kupanda basi la kusini.

Baba alikuwa mchongaji, mzaliwa wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tulipanga chumba cha uani kwa Bi Mwanahawa, mama wa Kizaramo mwenye ulimi mkali. Mwaka ninaoukumbuka, mvua za vuli zikinyesha, redio zilitangaza kuwa Tanzania itacheza na Msumbiji. Wiki nzima hapakuzungumzwa jingine. Hata maji yaliyojaa vyumbani yalisahauliwa. Vijana wa kijiweni walisema sisi tuna mbio na nguvu, wale wana pasi fupi za kimya, kama watu wanaosuka mkeka. Wakimwona baba walipaza sauti: "We Mmakonde, Jumamosi uko upande gani?" Na Bi Mwanahawa, akichambua mchicha barazani, alidakia: "Ashangilie Msumbiji aone! Atalala nje na magogo yake." Watu walicheka. Baba alitabasamu, akaendelea kupiga msasa. Mimi sikucheka. Mpangaji wa nyumba ya pili alikuwa ametolewa majuzi tu, vyombo vyake vikilowa uchochoroni, nami nilijua chumba chetu ni cha mtu. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Baba alikuwa amelima miaka mingi, ila hakuna aliyesahau alikotoka. Kila jioni nilisubiri aseme neno moja tu, Tanzania, yaishe. Hakusema.

Jumamosi alasiri runinga ya Bi Mwanahawa ilitolewa barazani. Baba alikuja na shati lake la kanisani, ameoga hadi vumbi limetoka kwenye kucha. Ulipopigwa wimbo wa taifa wa Msumbiji, watu wakiwa bado wanagombea mikeka, yeye alisimama. Peke yake. Kelele zikakatika.

"Baba Anto, vipi tena?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Nawaamkia wa kwetu, mama. Ukipigwa wa kwenu nitasimama vilevile."

Mikono yangu iliingia baridi. Bi Mwanahawa alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Wa kwenu kwa nani? Huyu Anto kazaliwa humu ndani, nimempokea kwa mikono yangu hii. Usinitukanie mjukuu. Sema wa kwetu!"

"Wa kwetu," baba akasema taratibu.

Wimbo wetu ulipoanza, Bi Mwanahawa aliinuka ameshika kiuno, na baraza nzima ikainuka naye. Matokeo ya mpira ule nimeyasahau.

Leo wote wawili ni marehemu, na nyumba ile imevunjwa, pamejengwa fremu za maduka. Jioni hii nimefika mji mdogo karibu na Ruvuma, nikapata chumba cha kulala kwa mama mmoja muuza karanga. "Kwenu wapi, mwanangu?" ameniuliza akinipa ufunguo. Utotoni swali hilo lingenitia baridi mikononi. Nimemjibu bila haraka: kwetu Kiwalani, na kwetu ng'ambo ya mto.

"Haya, karibu," amesema. "Maji ya kuoga yako uani."