Mwongoza Njia Hakufa

Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Huko Kigoma, kabla sijazaliwa, alikaa pembeni ya televisheni kwenye kibanda umiza, chumba cha mtaani cha kuonyeshea video, kipaza sauti mkononi, akawasemea Wazungu kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini watu walikuja kumsikia yeye zaidi ya kutazama picha. Filamu iliyompa jina ilikuwa ya staringi anayevuka jangwa kutafuta mji uliofukiwa na mchanga. Mwishoni mwongoza njia wake, mzee mwenye kilemba, anazama kwenye mchanga unaomeza watu. Staringi anatupa dhahabu yote ili amvute, lakini anachelewa. Baba alimpa yule mzee lafudhi ya Kiha. Mama aliniambia wanaume wazima walitoka pale wakifuta macho.

Hapa Durban Baba ni fundi cherehani. Tunakaa sisi wawili Cato Manor, na cherehani yetu iko Overport, kwenye kibaraza cha saluni ya mama mmoja Mkongo.

Presha ya macho imemla Baba kidogo kidogo, kutoka pembeni kuingia kati. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilitunga uzi, nilichora chaki, nilikata. Nikimaliza nilimpitishia kitambaa chini ya meza, naye akakanyaga cherehani na kufuata mshono kwa vidole. Mteja akifika, aliinua uso kuelekea sauti na kutabasamu. Njiani nilitembea nusu hatua mbele, naye akafuata mlio wa viatu vyangu. Kunishika bega hakutaka.

"Watu wakijua," aliniambia, "nani atampa kipofu kitambaa chake cha harusi?"

Kwa hiyo nilishtuka siku mama mwenye saluni alipotoka nje akiwa na flashi mkononi.

"Papa, ile filamu yako ya jangwa, Wamarekani wameitengeneza upya! Jumapili mchana tunaweka televisheni humu ndani, watu wa kwetu na wa kwenu. Utatutafsiria?"

Baba alikubali kabla sijamkanyaga mguu.

Tulipanga hivi: niitazame kwanza kwenye simu, niandike kila kinachotokea, kisha nimsomee mpaka akariri. Lakini mimi niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Nilisimamisha picha, nikaandika mstari, nikaiachia, nikaisimamisha tena. Jumamosi jioni nilikuwa nimefika nusu tu, wanapoingia kwenye mji. Nilimwambia Baba kwamba mwongoza njia safari hii ni mwanamke.

Alicheka. "Wamebadilisha sura, binti yangu. Hadithi ni ileile. Atazama kama mwenzake alivyozama. Funga daftari ulale, huko mbele nakujua kuliko jina langu."

Sikulala vizuri. Nilitaka kumwambia kwamba mpaka pale nilipofika hakuna kilichokuwa kilekile, hata farasi walikuwa wamegeuzwa ngamia. Lakini kusema huwa kunanichukua muda, na muda ukipita naona heri ninyamaze.

Jumapili saluni ilijaa. Watu walikaa mpaka kwenye viti vya kukaushia nywele, mandazi yakizungushwa kwenye beseni. Nilikaa nyuma ya Baba, kidole mgongoni kwake. Kubonyeza mara moja, staringi anasema. Mara mbili, mwongoza njia. Kiganja kizima, wanapigana. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri hata nikaanza kupumua. Watu walicheka palepale pa kuchekea. Kijana Mkongo anayelinda magari barabarani alipiga mluzi kila staringi alipotoa bunduki.

Kisha wakaingia kwenye mji, na daftari langu likawa limekwisha.

Muziki ulishuka. Baba aliutambua. Akainama, akatoa ile sauti ya Kiha ambayo mimi nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. "Niache hapa, mwanangu. Mchanga huu unanijua. Rudi kwa watu wako, uwaambie nilikufikisha."

Kwenye televisheni, aliyekuwa amezama mpaka kifuani ni staringi. Mwanamke alikuwa juu ya ngamia, anamtupia kamba.

Nilibonyeza mara moja, nikabonyeza mara mbili, nikaweka kiganja. Hatukuwa na alama ya jambo hili. Baba alidhani namhimiza, akazidi kuaga.

"Mzee!" kijana wa magari akapaza sauti. "Huyo hajakufa! Iko juu ya ngamia!"

Kicheko kikalipuka. Nilihisi mgongo wa Baba ukikakamaa. Lakini alikuwa mwepesi. "Mnayemwona," akasema kwenye kipaza sauti, "ni roho yake."

Wakampigia makofi. Nikadhani tumepona.

"Eish, mzee! Roho inakulaka mkate?"

Kweli yule mwanamke alikuwa anakula mkate, kamba ikiwa tayari imemfikia staringi. Baba akageuza uso kuelekea televisheni kana kwamba anatazama, ila alikosea upande, akaielekea feni. Mama mwenye saluni aliliona hilo. Nilimwona akiacha kutafuna.

Nilitaka kunong'ona. Sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Baba, yuko hai. Staringi ndiye aliyezama. Mwanamke anamvuta."

Saluni nzima ikageuka kunitazama. Filamu iliendelea kupiga kelele za Kiingereza. Kisha Baba akauliza, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, "Anamvuta na nini?"

"Kamba."

"Imefungwa wapi?"

"Kwa ngamia."

Sauti ya Kiha ikarudi, na safari hii ilimkemea ngamia avute. Tukafika mwisho hivyo, mimi nikisema, yeye akitafsiri.

Wakati wa kutoka mama mwenye saluni aliuliza polepole, "Papa, tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Jumatatu asubuhi walikuja wateja wawili kuchukua vitambaa vyao, bado havijashonwa. Mmoja alisema ana haraka. Wa pili alikikunja chake, akaondoka. Baba alikaa akikanyaga cherehani isiyo na nguo.

Karibu na adhuhuri alifika kijana wa magari, suruali ya kazi begani, imepasuka katikati.

"Mzee, hii imekufa. Ama ni roho yake?"

Baba hakucheka. Aliipapasa mpaka akapata pale ilipopasuka. Nilishusha mkono chini ya meza kuipokea, kama kawaida yetu. Yeye akaninyooshea suruali juu ya meza.

"Mpe dada yako uzi," akamwambia kijana. "Ule mweusi. Macho ni yake."

Kijana alinipa uzi, akakaa kwenye benchi, akawa anatazama vidole vyangu. Nililowesha ncha mdomoni, nikaielekeza kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza haukuingia.