Ethi ya Bandia na Masikio ya Babu Yako

Ipo siku moja, mwanangu, sijaisahau na sitaki kuisahau. Sina mvi bado, lakini haya nayajua.

Nilimaliza kidato cha nne nikaingia kwa Mzee Athumani, fundi redio pale Kibiti. Bidhaa za nje zilikuwa zimeruhusiwa, hedfoni, zile spika za kuvaa masikioni, zinaning'inia madukani kama mitumba. Wewe nilikuwa nakunyonyesha.

Babu yako aliishi visiwani, kule mto unapoingia baharini, masikio yameliwa na kelele za mashine ya kukoboa mpunga. Dada yake wa pekee alikuwa mgonjwa kijijini Mtunda, na habari ya msiba kule visiwani ilifika kwa njia moja: matangazo ya vifo redioni, mchana. Nikamtengenezea amplifaya, kikuza sauti cha hedfoni, ya betri sita za tochi.

Amplifaya ile hutaka ethi, yaani sifuri ya umeme, katikati ya betri. Ethi hiyo haipo, unaibuni kwa rezista mbili, vipande vya kuzuia umeme. Nilipoweka rezista kubwa, hedfoni zilivuta umeme, ethi ikayumba, sauti ikakwaruza. Nikaweka ndogo kabisa. Sauti ikanyooka. Swichi niliiweka baada ya rezista, kwa hiyo hata ukizima, zenyewe zinaendelea kunywa betri, na rezista ndogo hunywa nyingi.

"Umepima inavuta umeme kiasi gani?" Mzee Athumani aliuliza.

"Inalia vizuri, mzee."

"Sikukuuliza kama inalia."

Nikacheka, nikafunga kifuniko, nikampelekea babu yako.

Shangazi, yule dada yake, akafariki, akatangazwa redioni, akazikwa. Nilikaa msibani siku zote tatu nikitazama njia, nikimsema baba yangu mbele za watu: kaka gani huyu asiyemzika dada yake?

Nikamfuata kisiwani nimefura kwa hasira. Nilimkuta ameketi kando ya redio, hedfoni masikioni.

"Mama, karibu," akasema. "Kifaa chako kizuri. Siku ya tatu tu tangu uniletee, masikio yangu yakakataa kabisa. Nikaona nikikuambia utahuzunika."

Nilifungua kifuniko. Betri zimekufa, zimevuja. Na waya wa kifaa changu ukichomekwa, spika ya redio hunyamaza, kwa hiyo hata jirani hakusikia lile tangazo. Kila mchana alizivaa hedfoni, akausikiliza ukimya.

Nilimwambia habari kwa kupaza sauti sikioni, nyumba ya tatu wakasikia. Alizivua, akakunja waya taratibu, akanipa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi shika haya. Rezista zikuonyeshe katikati tu, ziwe kubwa. Mzigo wa hedfoni ubebwe na IC ya pili, chipu kama ile ya amplifaya yenyewe, inayoilinda ile ethi. Swichi ikate betri yenyewe, si kipande cha saketi. Weka mita ya kupimia umeme kabla ya kufunga kifuniko, kifaa kikiwa kimya na kikiwa kinalia. Na mkubwa akikuuliza umepima, mjibu alichouliza.

Hasira yangu sikurithishi, ni yangu. Wewe Mungu akupe mkono mtulivu, na akupe watu watakaokuambia mapema kazi yako ikinyamaza. Amina.