Huyo Mfumo ni wa Kabila Gani?

Mwaka ule mkoa ulipoamua kuiokoa bima ya afya ya kaya, sisi waandikishaji wa vijiji tuliitwa Musoma, tukakaa ukumbini kutwa nzima tukielezwa kwa nini inakufa. Sababu ilikuwa moja. Watu hawajiungi wakiwa na afya. Wanasubiri mgonjwa apakiwe kwenye pikipiki ndipo waanze kutafuta namba yangu. "Mfuko wenye wagonjwa watupu hausimami," alisema mama aliyekuwa anatufundisha. "Rudini mkalete wazima. Wazima wachangie, wagonjwa watibiwe, na kesho zamu ibadilike."

Nilirudi kijijini kwetu, upande wa Butiama, na Jumapili nikaomba nafasi ya matangazo baada ya misa. Nikasema, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka kula posho ya semina, kwamba safari hii tunataka wazima tu. Kesho yake asubuhi nilikuta uani kwangu wazee zaidi ya ishirini, mikongojo imeegemezwa ukutani, mmoja anakohoa hadi mbwa wangu akahama. Vijana wenye nguvu zao, niliowataka, hakuna hata mmoja. Nikauliza kulikoni.

"Si ulisema watu wazima?" akanijibu mzee mmoja. "Wale wengine ni watoto bado."

Nikawaandikisha. Ningefanyaje? Mfuko wa mkoa ulikuwa unayumba, na nadhani siku ile mimi niliusukuma kidogo.

Baadaye mkoa ukakaza kamba. Kadi mpya haitafanya kazi mpaka zipite siku thelathini, ili watu waache kujiandikisha mlangoni mwa hospitali. Na kaya iandikwe yote kwa pamoja, mkuu wa kaya na watu wake, wasizidi sita. Hakuna kumwandika mwenye homa na kumwacha mwenye afya. Mimi nilizishangilia sheria hizo kwa sauti, mpaka zilipofika nyumbani kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, hakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki akamwachia shamba, ng'ombe na nyumba iliyo kimya. Akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa kwetu waliofikwa na jambo hilo: akaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke anatoa mahari, analeta mke, na watoto watakaozaliwa ni wa kwake yeye aliyetoa ng'ombe. Mwanaume anayehusika anajulikana na kijiji kizima na hatajwi na mtu. Mke wa shangazi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Kisorya, ameachika, ana watoto wawili. Ng'ombe walipelekwa huko kwa lori, na shangazi alikaa mbele na dereva, amevaa koti la marehemu. Paroko alinung'unika kama mwezi hivi, kisha akachoka.

Basi mke akapata mimba, ya kwanza ndani ya nyumba ile. Furaha ikawa kubwa, na hofu nayo ikawa kubwa, kwa sababu mtoto wake wa pili alizaliwa kwa upasuaji na nusura wafe wote. Zahanati wakasema huyu asithubutu kujifungulia kijijini, aende Musoma. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Shangazi akaniita.

"Leta hiyo simu yako ya serikali."

Nikaingiza jina lake, mkuu wa kaya. Jinsia, Ke. Nikamwingiza mwenzake: uhusiano, mke. Simu ikanitolea maandishi mekundu. Nikarudia mara tatu, yakazidi wekundu.

"Inasemaje?"

"Inasema mkuu wa kaya akiwa mwanamke hawezi kuwa na mke."

"Nani anasema?"

"Mfumo, shangazi."

"Huyo mfumo ni wa kabila gani?"

Nikamwambia kuna njia rahisi, tumwandike mtegemezi. Akauliza mtegemezi ni nani. Nikasema ni mtu unayemsaidia.

"Mimi namsaidiaga nini huyu? Yeye ndiye analimaga, mimi nakaaga hapa kwenye kiti. Halafu mtegemezi hatolewagi ng'ombe. Andika mke."

Mimi sina subira, na ndugu zangu wote wanajua. Nilimfokea. Nilimwambia mtoto yuko njiani, siku thelathini zinataka kuhesabiwa, na yeye anagombania neno. Ni neno tu!

"Kama ni neno tu," akasema, "waambie wao waliache."

Tukasusiana. Wiki nzima sikukanyaga kwake, na niliona aibu kila nilipompita mkewe kisimani, tumbo limemtangulia, akinisalimia kwa upole kana kwamba halikutokea lolote. Mwisho nikashindwa. Nikamchukua shangazi, tukaenda ofisi ya Butiama. Pale walicheka, maana wenyewe wana mama zao wadogo walioolewa vivyo hivyo, lakini wakasema hawana mamlaka ya kugusa mfumo. Mfumo uko Musoma.

Musoma tulimkuta bwana mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Pwani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Bi mkubwa," akasema, "hilo halimo katika orodha."

Shangazi akavuta kiti na kumsimulia kuanzia ng'ombe wa kwanza. Alimtajia rangi zao. Alipofika kwenye lori la Kisorya, yule bwana alikuwa ameshaacha kuchapa na mkono uko shavuni.

"Nimekuelewa vizuri, mama. Lakini mfumo unaangalia jinsia yako. Ukiandikwa Ke, mke haingii."

"Basi badilisha."

"Nibadilishe nini?"

"Mimi. Niandike mwanaume."

Bwana akanitazama akiomba msaada. Mimi nikatazama kalenda. Akabonyeza, na jambo lililotushinda karibu wiki tatu likapita mara moja. Kadi ikatoka na picha ya shangazi amefunga kilemba cha kitenge, na chini yake Jinsia: Me. Aliionyesha stendi, akaionyesha kwenye jumuiya, akampelekea paroko mpaka kwake. Mimi kazi yangu ikawa kuhesabu siku kwa vidole na kusali mtoto asiwe na haraka.

Kadi ilianza kufanya kazi Jumatatu. Uchungu ulimshika mke Alhamisi.

Tulifika hospitali, dirishani kadi ikakubaliwa, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana mwezi mzima. Mlangoni mwa wodi ya wazazi nesi akamuuliza shangazi, "Wewe ni nani wake?"

"Mume."

Nesi akamtazama, akanitazama mimi, na sura yake haikubadilika. Lazima alikuwa wa huku huku. "Waume wanakaa nje," akasema, akaonyesha benchi.

Shangazi akaenda akakaa katikati ya wanaume wanne, miguu imetanuliwa, akawauliza mmoja mmoja mkewe ni uzao wa ngapi. Sijawahi kumwona amefurahi vile. Akawapa ushauri wa mbolea. Baada ya kama saa moja hivi nesi akarudi akinitafuta kwa macho.

"Njoo wewe dada. Daktari anataka kumpeleka upasuaji na mgonjwa amekataa. Anamlilia mama yake."

Nikainuka haraka, lakini nilijua si mimi. Mama yake mzazi alishakufa zamani. Mama ni jina alilomwita shangazi tangu siku ya kwanza, nyumbani, shambani, kila mahali. Hata pale nje tulianza kulisikia, likija kutoka ndani mara kwa mara, na kila likija lilikuwa dogo zaidi. Nilimtazama shangazi. Nilikumbuka ubishi wote ule na nikaogopa, kwa kweli niliogopa sana, kwamba atakaa hapo hapo alipokaa.

Hakungoja hata nimalize kuogopa. Alisimama, akafunga khanga yake ya juu vizuri, akanikabidhi kadi.

"Mimi ndiye mama yake," akamwambia nesi. "Nipishe."

Nesi akampisha.

Nilibaki kwenye benchi na wale wanaume. Mmoja alinimegea andazi, nikalishika tu. Shangazi alitoka baada ya muda mrefu, kilemba kimelegea, amechoka hadi alitembea akipapasa ukuta. Mke alikuwa ameshonwa na amelala, akasema, na mtoto ni wa kike na analia vizuri.

Wanaume wakasimama kumpa mkono. "Hongera, mama," akasema yule wa andazi. "Umepata mjukuu!"

"Mjukuu wa nani?" akasema shangazi, akaketi. "Nimezaa."